UZI: Mpira wangu wapinda kushoto kama ndoana, nani ana dawa?

Kisauni_Mpaka_Tii

Asalaam aleikum wanajamvi. Mnivumilie, uzi ni mrefu kwa sababu maumivu yenyewe ni marefu.

Huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye gofu, napiga kwa mkono wa kulia. Mpaka mwaka jana ugonjwa wangu ulikuwa ule wa kila anayeanza, yaani slesi. Mpira unaondoka vizuri halafu unakata kulia, unaingia rafu, kwenye nyasi ndefu. Nilihangaika nao miezi na miezi mpaka ukaacha. Kumbe nimeruka majivu nikakanyaga moto.

Siku ya kwanza mpira ulipopinda kushoto, kedi aliyenibebea begi alisema, "Ah, hiyo ni huku, bosi." Nikageuka nikamuuliza, "Huku wapi?" Alicheka mpaka akatua begi chini. Tangu hapo nikiingia tu uwanjani naulizwa, "Leo ni huku ama kule?" Kumbe alisema "hook", Kiingereza cha ndoana. Mimi hapa nitaiita ndoana tuelewane, na umbo lake ndilo hilo hasa: mpira unakwenda, unakwenda, ghafla unajikunja na kushuka kama kuna mtu kauvuta kwa mshipi.

Jumamosi nilikuwa Mama Ngina hapa Mombasa, kwenye ule uwanja wa mashimo 9. Wa bara wasioujua, ni ule ambao meli za Kilindini zinapita mbele yako nawe umeshika fimbo. Nilipiga draiva, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza, mara 7, ndoana 5. Kuna mmoja ulianza kulia kidogo, nikasema alhamdulillahi huyu kapona. Ukapinda, ukavuka feawei nzima, ile njia ya nyasi fupi, ukapiga mbuyu. Sijauona tena. Jamaa mmoja aliyekuwa akila muhogo kando ya barabara alinipigia makofi.

Nimejaribu kulenga kulia. Nikalenga kulia zaidi. Nimepiga polepole, nimenunua glovu mpya. Kuna mwalimu mmoja, simtaji, nimemlipa masomo manne, na katika yote manne neno lake lilikuwa moja: "Tuliza kichwa." Kichwa kimetulia kama cha maiti na mpira bado wapinda.

Inatoka wapi hii kitu, na natokaje?

Baharia_wa_Kilindini

Dawa rahisi. Elekea Likoni, piga, mpira utaanguka Mama Ngina 😂

Kwa ukweli lakini: mpira huanza kule fimbo inakokwenda, kisha hupinda kuelekea kule uso wa fimbo, pale panapogonga mpira, unakotazama. Wewe wazungusha fimbo kwenda kulia na uso unatazama bendera. Endelea kulenga kulia, siku utapima vizuri utaangukia kwenye shimo.

kedi_mstaafu

Waaleikum salaam mwanangu. Baharia, wewe rudi melini kwanza. Hayo uliyoandika ndiyo tuliyofundishwa sote zamani, mimi mwenyewe nimewaambia watu miaka mingi, na si kweli.

Sikizeni. Mpira haujui nia yako wala hauna habari na kichwa chako kama kimetulia. Unagusana na fimbo kwa muda wa kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo unaambiwa mambo mawili: uso wa fimbo watazama wapi, na fimbo yasafiri kwenda wapi. Basi.

Pale mpira unapoanzia, mwenye neno kubwa ni uso, si njia. Kwa draiva ni kama 85 kwa 100, kwa ayoni, zile fimbo za chuma, ni kama robo tatu. Njia yapata makombo yaliyobaki. Na kupinda kwatokana na tofauti ya hao wawili. Uso ukitazama kushoto kwa njia, mpira wapinda kushoto. Ukitazama kulia kwa njia, wapinda kulia. Tofauti ikiwa ndogo, mpira wajikunja kidogo tu ukarudi kwenye shabaha, na hilo ni pigo tamu, watu walilipia pesa kulipata. Tofauti ikiwa kubwa, ndiyo hiyo ndoana yako.

Sasa mwenye uzi kasema mpira wake huanza kulia kidogo kisha wavuka kwenda kushoto. Kwa hesabu ya Baharia, uso ungekuwa watazama bendera. Lakini uso ukitazama bendera, mpira huanza karibu na bendera na kuishia kushoto kwake. Haukufanya hivyo. Ulianza kulia, kwa hivyo uso ulikuwa watazama kulia! Tuseme digrii 2 kulia kwa shabaha. Halafu njia ya fimbo ikawa digrii 8 kulia. Ukiutazama uso peke yake utasema uko wazi, lakini mbele ya njia umefungwa kwa digrii 6. Huo ndio ugonjwa.

Na hapa ndipo pa kushika kichwa: kila akilenga kulia zaidi, mabega yageuka kulia, njia yazidi kwenda kulia, tofauti yapanuka, mpira wazidi kupinda. Akiona umepinda zaidi, alenga kulia tena. Kijana, wewe ndoana umeifuga mwenyewe, waipa chakula kila Jumamosi.

Baharia_wa_Kilindini

Mzee, nimenyamaza. Lakini mbona wedji yangu, ile fimbo fupi ya karibu na shimo, haipindi hivyo hata nikipiga ovyo?

kedi_mstaafu

Kwa sababu uso wa wedji umelala sana, waupa mpira mzunguko mwingi wa kurudi nyuma. Mpira hauna mizunguko miwili, una mmoja, nao umeinama. Fikiria ndege inayogeuka kutua uwanja wa Moi, bawa moja limeinama. Ukiwa na mzunguko mwingi wa nyuma, kosa lilelile lainamisha bawa kidogo. Uso wa draiva umesimama wima, mzunguko wa nyuma ni mchache, basi kosa dogo bawa lalala kabisa. Ukitaka mfano wa karibu, mchezaji wa kandanda wa mguu wa kulia akipiga frikiki kwa upande wa ndani wa mguu, mpira unajikunja kushoto na kuingia pembeni. Ni jambo lilelile, tofauti wewe hukukusudia.

MamaWaPata

Shikamoo mzee. Kisauni, pole. Kabla watu hawajakupa dawa 20, tupe habari kamili maana ndoana si aina moja. Jibu haya:

Ukiushika mpini ukatazama chini, unaona vifundo vingapi vya mkono wa kushoto? Mpira unauweka wapi ukilinganisha na kisigino cha mguu wa kushoto? Ukipiga ayoni, lile kovu kwenye nyasi linaelekea wapi? Na kwenye uso wa draiva mpira unagusa wapi? Usiniambie katikati. Kila mtu husema katikati. Paka poda ya mtoto kwenye uso, piga, tazama alama.

Nyongeza ndogo, si ya swali lako: ule mpira wa mbuyuni, ulipiga mwingine wa tahadhari kabla ya kwenda kuutafuta? Tangu 2019 muda wa kutafuta ni dakika 3, si 5. Naona watu bado wanazunguka kwenye majani kama wanatafuta pete ya arusi na sisi tunasubiri nyuma.

Kisauni_Mpaka_Tii

Mama, sikupiga wa tahadhari. Nilikuwa na haya.

Leo nimeamkia renji, pale pa mazoezi, poda nimemwibia mtoto. Majibu:

Vifundo: vinne. Vyote vinne naviona kabisa, nilidhani ndivyo inavyotakiwa. Hii nilianza enzi za slesi, mtu mmoja wa renji aliniambia geuza mkono, nikageuza, slesi ikapungua, nikageuza zaidi.

Mpira: draiva naiweka karibu katikati ya miguu. Nayo ni ya enzi za slesi, nilisoma mahali.

Kovu: linaelekea kulia waziwazi. Niliweka fimbo chini kulinganisha, nikaona aibu.

Poda: mapigo 10, alama 6 ziko upande wa ncha ya fimbo, mbali na mpini.

kedi_mstaafu

Mwanangu, huna ugonjwa mpya. Una dawa za ugonjwa wa zamani ambazo hukuziacha ulipopona. Mtu aliyepona malaria akaendelea kumeza vidonge mwaka mzima, ataumwa na vidonge.

Tuanze na mshiko, mengine yote yangoje. Ukiona vifundo vinne, mkono wa kushoto umekaa juu ya mpini na umegeukia kulia. Fimbo ikishuka kwa kasi, mkono warudi ulivyoumbwa, kiganja kikitazama ndani, na ukirudi wageuka pamoja na uso. Wafunga mlango. Hata ufanye nini na kiuno, mlango utafungwa.

Shusha fimbo usawa wa paja, uache mkono wa kushoto uning'inie wenyewe bila kuuongoza, kisha ushike pale ulipo. Utaona vifundo viwili, labda viwili na nusu. Panda iliyoko kati ya kidole gumba na cha shahada ielekee kati ya kidevu na bega la kulia. Kwako naona ilikuwa inaelekea nje ya bega kabisa. Mpini upite kwenye mizizi ya vidole, usilale kiganjani.

Mkono wa kulia watu huusahau, na ndio mwenza wa dhambi. Kiganja cha kulia kisitazame juu kama cha mtu anayeomba. Kitazame shabaha. Ule mstari mkubwa wa kiganja ufunike kidole gumba cha kushoto.

Utahisi vibaya. Utahisi kama umevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Na mipira ya mwanzo itakwenda kulia, mingine slesi kabisa. Usikimbie. Ukiona slesi siku ya kwanza ujue dawa imeingia.

Hata wakubwa ilikuwa hivyo. Ben Hogan wa Marekani, ndoana ilimtesa miaka mingi. Alipoushusha mshiko wa kushoto na kubadilisha anavyokunja kifundo cha mkono, mpira ukanyooka. Alishinda shindano lake kubwa la kwanza 1946, mpaka anamaliza alikuwa nayo 9. Nawe pia waweza kupewa mwezi mmoja.

Shoto_wa_Bamburi

Jamani mimi ni wa shoto na kila uzi wa gofu unanitesa. Nimesoma hapa nimegeuza mshiko, nimegeuza mabega, sasa mpira unaenda baharini.

MamaWaPata

😂 Shoto, geuza maneno yote. Ndoana yako wewe inapinda kulia. Palipoandikwa kushoto soma kulia. Na soma mara mbili kabla hujapiga.

Shoto_wa_Bamburi

Nimeelewa. Nilishangaa slesi yangu imepona kwa kufuata ushauri wa ndoana.

FundiGripu

Wakuu, natengeneza fimbo kwa hiyo nitasema ya kwangu. Kisauni, draiva yako ni ile ya kubadilishwa kwa ufunguo? Tazama shingoni, pale mpini unapoingia kwenye kichwa. Kuna herufi au namba? Na chini ya kichwa kuna kizito cha kusogezwa?

Kisauni_Mpaka_Tii

Fundi, kuna herufi D. Na kizito kiko upande wa karibu na mpini. Nilinunua ya mkono wa pili, muuzaji alisema hii inaondoa slesi.

FundiGripu

Alisema kweli 😂 Hiyo D imeufunga uso kabla hujaanza hata kuvuta nyuma, na kizito kule kisiginoni kinasaidia kichwa kujigeuza. Draiva yako imetengenezwa kupiga kushoto, mshiko wako unapiga kushoto, halafu unaulaumu mpira. Rudisha herufi ya katikati, kizito weka katikati. Dakika mbili.

Ya pili ni gripu, ile raba ya kushikia. Niletee picha. Pwani hapa joto na jasho na chumvi vinaimaliza gripu haraka, inakuwa laini kama sabuni. Gripu ikiteleza, mtu bila kujua anageuza mkono ili ashike vizuri, na anabana kwa nguvu. Nimewaona watu wanabadilisha swingi miaka miwili wakati shida ni raba. Kama huna pesa ya kubadilisha leo, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua kwa brashi, acha ikauke kivulini. Na taulo begini, siku ya kusi la mvua iwe mbili.

Ya tatu, ayoni. Hizo nazo ni za mkono wa pili? Kama mwenye nazo alikuwa mrefu huenda mipini yake imesimama sana kwako. Fimbo iliyosimama sana inagonga chini kwa kisigino, ncha ikiwa juu, uso unageukia kushoto. Bandika utepe chini ya fimbo, piga kwenye ubao, tazama umechubuka wapi. Ukichubuka karibu na mpini, njoo tuzikunje. Lakini fanya hili mwisho, baada ya mshiko. Sitaki kukunja fimbo kumfuata mtu ambaye kesho atabadilika.

Baharia_wa_Kilindini

Fundi amekataa pesa hadharani. Piga picha ya uzi huu.

Na mie nina swali la kweli. Zile alama za ncha zina maana gani? Nilidhani ukipiga kwa ncha mpira unaenda kulia.

FundiGripu

Unaanza kulia, sawa. Lakini kichwa cha draiva ni kinene, uzito wake uko nyuma sana ya uso. Ukigonga kwenye ncha, kichwa kinasukumwa kujizungusha upande mmoja, na mpira uliogandamana nao unazungushwa upande wa pili, kama meno ya gia mbili. Huo mzunguko unaupinda kushoto. Ndiyo maana uso wa draiva umetengenezwa na tumbo, haukunyooka kama wa ayoni, ili mpira wa ncha uanzie kulia zaidi upate nafasi ya kurudi. Kwa mtu ambaye tayari ana ndoana, pigo la ncha linaongeza chumvi kwenye maji ya bahari. Ayoni hazina hili, au ni kidogo mno.

MamaWaPata

Niongezee la mwili, maana mimi nilitoka huko. Mshiko nilirekebisha, fimbo zilikuwa nzima, na ndoana ikabaki nusu. Binti yangu akanipiga video kwa simu kutoka nyuma. Mganga hajigangi, kweli. Nilijiona: kiuno kinasimama kabla ya mpira, kinabaki pale kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, halafu mikono inapita peke yake na kujipindua. Fimbo ilikuwa inatoka mgongoni kwangu kwenda kulia, na viganja vinaokoa. Siku vikiokoa sawa, pigo zuri. Siku vikiwahi, ndoana. Siku vikichelewa, mpira kulia moja kwa moja. Ndiyo maana mtu wa ndoana hana siku mbili zinazofanana.

Nilichofanya: chupa tupu ya maji, ya nusu lita. Weka mpira, halafu rudi nyuma kama hatua moja ya mtoto kutoka kwenye mpira, upande wa mbali na shabaha, uiweke chupa ndani kidogo ya mstari, upande wa miguu yako. Fimbo ikishuka kutoka ndani sana itaipiga chupa. Mara ya kwanza niliirusha mpaka kwa jirani. Ukitaka kuikwepa chupa, lazima kiuno kiendelee kugeuka kikuachie nafasi, na kifua kitazame shabaha mwisho. Anza na ayoni 9, pigo la nusu. Usianze na draiva, tafadhali.

La pili, pigo hilo la nusu simamisha fimbo ikifika usawa wa kiuno baada ya mpira, utazame uso. Ncha ikiwa juu, imeinama kidogo kama mgongo wako ulivyoinama, vizuri. Uso ukitazama chini kwenye nyasi, umeufunga. Mimi nilipiga mipira 40 kwa siku hivyo kwa wiki mbili, majirani wa renji walidhani nimeumia mgongo.

kedi_mstaafu

Mama kamaliza. Nami niongeze mawili ya uwanjani.

Draiva, mpira ukae mkabala na kisigino cha ndani cha mguu wa kushoto. Ukiuweka nyuma, fimbo yaukuta kabla haijamaliza kwenda nje, ndiyo maana njia yako ilikuwa kulia sana. Na kulenga, chukua fito mbili, zile zinazobaki kwenye ujenzi, moja uelekeze shabaha nje ya mpira, ya pili sambamba kwenye vidole vya miguu. Sambamba, nimesema. Fito ya miguu isielekee kwenye bendera, iwe kushoto kidogo kama reli ya pili. Watu wengi wakifanya hivi mara ya kwanza wasema, "Mzee, nimelenga nje kabisa." Hapana. Ndiyo mara yao ya kwanza kulenga ndani.

La pili, ndoana ikikuvamia katikati ya raundi usianze masomo. Renji ni ya kusoma, uwanja ni wa kuhesabu. Iache draiva begini, chukua fimbo ambayo uso wake umelala zaidi, hata ayoni 7, ushike chini kidogo ya mpini, mpira hautapata nafasi ya kupinda sana. Na utazame upepo. Upepo wa mbele wazidisha kila kosa, na kusi ikikupiga kutoka bega la kulia ukiwa umeikabili shabaha, mpira uliokusudia kurudi hatua kumi utarudi thelathini. Upepo wa nyuma wakusamehe. Tuliobeba mabegi pale tulikuwa tukiwaambia wageni hivyo, wakitutazama kama hatujui Kiingereza.

Kisauni_Mpaka_Tii

Wiki ya kwanza, ripoti. D nimeitoa. Mshiko vifundo viwili na nusu. Mzee, umesema nitahisi kiatu cha mguu mwingine. Nahisi kiatu cha mtu mwingine kabisa. Mipira 50, ndoana 2, slesi 19, iliyobaki sijui ni nini. Umbali umepungua. Kidole gumba kinauma. Nirudi nilikotoka?

MamaWaPata

Ukirudi nakufuta kwenye jamvi. Ndoana kutoka 5 kwa 7 mpaka 2 kwa 50, na unalia?

kedi_mstaafu

Slesi ile yatokana na kuogopa. Bado waikimbia ndoana, wasukuma fimbo isifunge. Mshiko ukishakuwa sawa acha mikono igeuke yenyewe, una ruhusa sasa. Na kidole gumba ukikivuta chini sana kwenye mpini kitauma, kipandishe kidogo.

Baharia_wa_Kilindini

Mimi nimepaka poda. Alama zangu zote ziko kwenye mpini 😭 nafungua uzi wangu.

FundiGripu

Kwenye mpini si uzi, hiyo ni dua.

Kisauni_Mpaka_Tii

Samahani kwa kimya, wiki tano. Nilingoja nipate cha kusema.

Gripu nimebadilisha kwa Fundi. Ayoni alizipima, mbili tu zilikuwa zimesimama sana, akazilaza, na bei hakunigonga. Chupa nimezipasua sita. Fito ninazo kwenye begi, askari wa getini kila siku ananiuliza za nini.

Jumamosi nilirudi Mama Ngina. Kusi ilikuwa imeshika kweli, bahari nyeupe. Kedi ni yuleyule wa "huku". Kwenye tii ileile ya mbuyu, pale pa kuanzia, nikatoa draiva, akanitazama, akatazama mbuyu, hakusema kitu. Niliweka mpira mkabala na kisigino. Nilihesabu vifundo, viwili. Roho ilitaka kulenga kulia, wallahi mabega yalianza kugeuka yenyewe, nikayarudisha.

Ulianza kulia kidogo tu, kama upana wa magari mawili. Nikafumba jicho moja. Ukajikunja polepole, ukarudi, ukaanguka kwenye nyasi fupi, upande wa kushoto wa feawei lakini ndani. Umbali ni uleule wa zamani, labda hatua chache zaidi.

Nikamuuliza kedi, "Je, hiyo ni huku?"

Akachukua begi akaanza kutembea. "Hiyo si huku," akasema. "Hiyo ni hapo. Twende."

Raundi nzima ndoana 2, moja ilikuwa shimo la mwisho nikiwa nimechoka na kiuno kikasimama, nilijua kabla hata sijainua macho. Nilipiga wa tahadhari, Mama. Nao ulikwenda kulia.

MamaWaPata

Mashallah. Dakika 3 ulizihesabu?

Kisauni_Mpaka_Tii

Kedi aliupata kwa moja na nusu. Chini ya mbuyu uleule, na ule wa zamani ulikuwa hapohapo pembeni yake.